Kipimo Chini ya Vitambaa Vitatu

Nchi ya Ridhaa haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo asitokee mtu akasema anaifahamu. Atakayesema anaifahamu atakuwa amejitia matatani mwenyewe, na mimi sitakwenda kumtetea.

Ni nchi njema sana. Humo hakuna anayelazimishwa chochote. Wananchi hupimwa tu. Hupimwa urefu wa makofi yao, hupimwa upana wa tabasamu zao siku za sherehe, na katika mwaka huu ninaousimulia ilipitishwa sheria ya kupima wanachokitazama majumbani. Wakati huo Ridhaa ilikuwa na stesheni tatu za mtandaoni, zile ambazo mtu hujichagulia mwenyewe cha kutazama na saa ya kukitazama. Mbili zilikuwa za kigeni, zimejaa mapenzi, mauaji na mapishi. Ya tatu ilikuwa ya taifa, ikiitwa Neema, na humo mtazamaji alikuwa huru kabisa kuchagua kati ya Mlezi Mkuu akifungua daraja, Mlezi Mkuu akifungua kisima, na Mlezi Mkuu akilifungua tena lile daraja baada ya matengenezo.

Kwa miaka mingi wananchi walipoulizwa wanatazama nini walijibu kwa sauti moja kwamba wanatazama Neema. Dodoso la mwisho lilionyesha watazamaji wa Neema ni asilimia mia moja na kumi na mbili. Mlezi Mkuu alifurahi, kisha akakaa akafikiri. "Hawa kumi na mbili wa ziada," aliuliza barazani, "ni akina nani, na kwa nini hawajaandikishwa?" Hakuna waziri aliyethubutu kumweleza. Badala yake iliundwa Mamlaka ya Upimaji wa Utazamaji, nayo ikaagiza kutoka ng'ambo visanduku vinavyosikiliza.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, cheusi, kina matundu upande mmoja na taa upande wa pili. Ukikiweka kando ya runinga kinasikiliza, na kwa sauti tu kinajua unatazama stesheni gani, kipindi gani, na ukihama umehamia wapi. Vilihitajika visanduku milioni mbili. Vilifika hamsini. Vingine ilielezwa vipo njiani, na hadi leo vinakuja. Mamlaka haikubabaika. Ilitangaza kwamba kaya hamsini zitaiwakilisha nchi nzima, kila moja ikibeba kaya elfu arobaini za mkoa wake. Kitakachotazamwa na kaya wakilishi, kaya elfu arobaini zitakuwa zimekitazama. Isichokitazama, hazikukitazama. Majina ya kaya hizo yalifanywa siri ya taifa.

Ndivyo Sikudhani, fundi cherehani wa mji wa Kitongo, alivyoamka Jumatatu moja akiwa mtu mmoja, na kufika saa sita mchana akiwa kaya elfu arobaini.

*

Aliyemletea habari hizo aliitwa Afisa Mpimaji Kandoro. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi likasimama, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Upole huo ndio uliomtia Sikudhani wasiwasi. Maofisa waliozoeleka Kitongo walikuwa wa kugombeza, na mtu anayekugombeza angalau unajua amefika wapi.

"Hongereni sana," alisema Kandoro akikichomeka kisanduku kwenye umeme. "Kompyuta ya Mamlaka imewachagua bila kuangalia."

"Na tukikataa?" aliuliza Ngwali. Huyu ndiye mume wa Sikudhani, fundi baiskeli, mtu wa kicheko kikubwa ambacho watu wa sokoni walikitumia kujua kwamba amekwishafungua karakana.

"Mna haki ya kukataa, baba. Ipo fomu."

"Tuione."

"Anayo Mzee Gogadi. Yeye ndiye alikuwa na kisanduku hiki kabla yenu. Aliiomba hiyo fomu, akaitwa kutoa ufafanuzi, na bado anafafanua." Kandoro alihesabu kwa vidole. "Huu ni mwezi wa saba."

Sikudhani alimkanyaga mumewe mguu. Ngwali hakuelewa, au alielewa akapuuza. "Na mtu akienda msalani katikati ya kipindi?"

"Mkoa mzima unakwenda msalani, baba. Wenzetu wa Mamlaka ya Maji wameomba tuwe tunawaarifu mapema."

Ngwali aliangua kicheko. Taa ya kisanduku ikapepesa. Kandoro alitoa kijitabu, akaandika neno moja, akakirudisha mfukoni kwa adabu ile ile. Sikudhani alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni, na tangu siku ile baridi hiyo haikumtoka.

Maelekezo yalikuwa mepesi. Kitufe cha kijani ni cha mama, chekundu cha baba, cheupe cha mgeni. Anayekaa mbele ya runinga abonyeze chake. Anayeondoka abonyeze tena. Taa ikiwa ya kijani kinasikia; ikiwa nyekundu hakisikii kitu. Wasimwambie mtu yeyote, hata ndugu, hata anayekata roho. "Na mkitunze," alimalizia Kandoro. "Hii ni mali ya taifa. Kiheshimuni kama mgeni aliyewafikia."

Hapo ndipo niwaeleze jambo kuhusu Ridhaa ambalo watengenezaji wa kisanduku hawakulijua. Katika nchi hiyo hakuna mke wa nyumba ya heshima anayeacha kitu uchi. Kochi lina kitambaa cha kufuma, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Kitambaa cha kila siku ni chepesi; kitambaa cha sikukuu ni kizito; na siku ikiwa kubwa kweli kweli, huwekwa kimoja juu ya kingine. Mwanamke ambaye redio yake inakaa wazi husemwa mtaa mzima. Kitabu cha maelekezo ya kisanduku kiliandikwa huko ambako watu hawavishi redio zao nguo. Kilikataza maji, kikakataza moto, kikakataza kukirusha. Juu ya vitambaa hakikusema lolote.

Kandoro hajamaliza kufunga begi lake, Sikudhani alikwisha kutandika juu ya kisanduku kitambaa chepesi cha maua. Taa ya kijani ilionekana kwa mbali kupitia matundu ya ufumaji.

"Kizuri, mama," alisema Kandoro. "Hata mke wangu hufuma."

*

Kabla ya kisanduku, Sikudhani na Ngwali walikuwa na raha yao moja. Kila jioni walitazama katika stesheni ya kigeni tamthilia ya daktari mwenye wake wawili wasiojuana. Walikuwa wamefika pale ambapo mke mdogo anasikia hodi, anakwenda kufungua, na aliyesimama nje ni mke mkubwa. Kipindi kiliishia hapo. Siku iliyofuata ndiyo hiyo Jumatatu aliyokuja Kandoro.

"Kafungua, hakufungua?" Ngwali alikuwa akimnong'oneza mkewe jikoni. "Hebu tuchungulie dakika tano tu."

"Ngwali, nakuomba. Unamkumbuka Mzee Gogadi?"

"Simjui hata huyo Gogadi."

"Ndiyo hivyo. Na sisi hatutajulikana."

Basi wakatazama Neema. Walitazama daraja, walitazama kisima, walitazama daraja tena. Sikudhani alishona huku akitazama, na akijidunga kidole alilia kwa ndani, kisije kisanduku kikadhani kaya elfu arobaini zinamlilia Mlezi Mkuu akingali hai. Alikuwa akienda kisimani anakimbia, anarudi anakimbia. Usingizi wa mchana aliuacha kabisa.

Siku moja, akifuta vumbi, kidole chake kiligusa rimoti, na runinga ikahamia kwenye mapishi ya kigeni. Mwanamke mmoja alikuwa akikaanga biringanya. Sikudhani alishikwa na woga hata akasahau kitufe cha kurudi ni kipi. Alisimama ameishika rimoti kwa mikono miwili, na biringanya zikakaangwa upande wa kwanza na wa pili. Zilipita dakika saba.

Keshokutwa yake Mkuu wa Mkoa alipita na kipaza sauti. Alisema, kwa masikitiko makubwa, kwamba kaya elfu arobaini zimeonekana katika jiko la kigeni kwa muda wa dakika saba. Watu wote wakapelekwa uwanja wa mpira kwa mafunzo ya macho. Mafunzo yenyewe yalikuwa kusimama juani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, ukiitazama picha ya Mlezi Mkuu bila kupepesa. Anayepepesa anaanza upya.

Jirani yao Bi Tunu, mwuza vitumbua, alirudi kutoka uwanjani miguu imemvimba. Alikuja moja kwa moja kwa Sikudhani akajitupa kwenye kochi, kando kabisa ya kisanduku. "Shoga, mimi biringanya sili. Tangu utoto wangu sili. Leo nimesimama juani saa tano kwa ajili ya biringanya." Alifuta jasho. "Ningemjua huyo kaya wakilishi! Wallahi ningemsugua pilipili machoni, tuone atatazama nini tena."

Sikudhani alikuwa akimmiminia chai. Kikombe kiligongana na sahani mpaka chai ikamwagika.

"Mbona unatetemeka?"

"Homa tu, dada. Inakuja na kuondoka."

"Pole, mama. Tena ujifunike." Bi Tunu alimpangusia meza kwa ncha ya kanga yake. Sikudhani, akijifanya ananyoosha kitambaa, aliingiza kidole chini yake akabonyeza kitufe cheupe cha mgeni.

*

Ikafika Sikukuu ya Miaka Ishirini ya Kusikilizwa. Mlezi Mkuu angehutubia taifa moja kwa moja kupitia Neema, kuanzia saa tatu asubuhi hadi atakapomaliza. Kwa wiki nzima Kitongo haikuzungumza jambo jingine. Waliokuwa na safari waliahirisha. Waliokuwa na harusi walisogeza mbele. Sikudhani hakula vizuri siku tatu, maana alijua kwamba mkoa mzima umo mikononi mwake, na mumewe pia, kwa sababu karatasi ya Kandoro ilisainiwa na mkuu wa kaya.

Alfajiri ya siku hiyo alipiga deki nyumba nzima. Alimtolea Ngwali suti aliyoolea. Kisha akafungua sanduku lake la chini ya kitanda, akatoa vitambaa vitatu ambavyo havijawahi kuona vumbi. Cha kwanza kilikuwa cha uzi mweupe, kimetiwa wanga kikakauka kikawa kigumu. Cha pili kilikuwa cha sufu, alikifuma mwenyewe alipokuwa mchumba. Cha tatu kilikuwa cha mahameli chenye nyuzi za dhahabu, urithi wa mama yake. Alivitandika juu ya kisanduku kimoja baada ya kingine, akavinyoosha kwa kiganja, akarudi nyuma kutazama. Moyo wake ulitulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. Akasema kimoyomoyo: basi nani atasema hatukumheshimu?

Walikaa saa tano na nusu. Hawakunywa maji tangu jana yake ili wasipate haja ya kutoka.

"Wananchi!" alinguruma Mlezi Mkuu. "Nilipoipokea nchi hii, giza lilikuwa halina mwelekeo. Leo giza letu lina mpango wa miaka mitano! Wapo wanaouliza, maji yako wapi? Nawajibu: swali hilo tumelipokea, na limewekwa mahali salama!"

Sikudhani aligeuza jicho polepole kumtazama mumewe. Mashavu ya Ngwali yalikuwa yamevimba, shingo imejaa mishipa, machozi yanamlengalenga. Aliuma kola ya shati akaishikilia kwa meno. Hakucheka. Kwa saa tano na nusu Ngwali, yule Ngwali wa sokoni, hakucheka, na Sikudhani alimpenda siku ile kuliko siku aliyoolewa naye.

*

Matokeo yalisomwa siku ya tatu. Waziri aliyeyasoma alikuwa ameshikwa mabega na watu wawili, ikasemekana ni wauguzi. Katika kaya hamsini, kaya tatu ndizo zilizosikiliza hotuba. Arobaini na saba zilikuwa kimya kitupu kuanzia saa tatu hadi mwisho. Kwa maneno mengine, asilimia tisini na nne ya taifa ilizima runinga kwa makusudi mbele ya uso wa Mlezi wake.

Mlezi Mkuu alijitokeza kwenye Neema akalia. Alilia dakika arobaini bila kukatishwa, na mwishoni yakaonyeshwa maandishi kwamba kilio hicho kitarudiwa saa mbili. Zile kaya tatu zilitunukiwa nishani, zikafichuliwa kwa heshima: zote zilikuwa za makapera. Wataalamu walijadili kwa siku kadhaa kwa nini makapera ndio wazalendo. Mmoja alieleza kwamba mapenzi ya ndoa hupunguza mapenzi ya nchi, na wizara ikaunda kamati.

Kisha zikaja fomu za kukiri. Kila mtu aseme kwa maandishi kwamba hakutazama.

"Lakini nilitazama!" Bi Tunu alilia mbele ya karani wa kata. "Niliacha vitumbua vikaungua! Nimeshika hata alipokohoa, alikohoa mara tisa!"

"Kipimo kinasema hukutazama, mama."

"Macho yangu je?"

"Macho yako hayajasajiliwa."

Bi Tunu alisaini. Jioni alipita kwa Sikudhani, amenywea. Hakuapiza mtu tena. "Shoga, huenda kweli sikutazama," alisema. "Huenda nilikaa tu nikadhani natazama." Hilo lilimtisha Sikudhani kuliko ile pilipili.

Ngwali walikuja kumchukua saa nne asubuhi, akiziba pancha. Gari lilikuwa safi, dereva alisalimia shikamoo. Kandoro hakuwemo. Ngwali alinawa mikono, akavaa ndala zake, akamwambia mkewe, "Usiniwekee chakula. Huko watanilisha maneno." Alijaribu kucheka ili asimtie hofu, lakini kicheko kikatoka nusu. Sikudhani alibaki amesimama mlangoni na tairi mkononi, hajui amelishikaje.

*

Aligundua keshoye. Alikwenda kuvikunja vitambaa vya sikukuu, maana sikukuu ilikwisha, na alipokiinua cha tatu, na cha pili, na kile cha wanga, aliona taa. Haikuwa ya kijani. Ilikuwa nyekundu, imetulia. Runinga ilikuwa inanguruma hatua moja kutoka pale, Mlezi Mkuu anafungua daraja, na taa ni nyekundu. Sekunde chache baada ya vitambaa kuondoka, taa ikapepesa, ikawa ya kijani.

Sikudhani alivirudisha vitambaa. Nyekundu. Akaviondoa. Kijani. Akaketi sakafuni. Nililinyamazisha taifa kwa mikono yangu, aliwaza, na nilikuwa nimetia wanga.

Alivitia vitambaa vyote vitatu kikapuni pamoja na kisanduku chenyewe, akapanda basi hadi mjini mkoani. Njia nzima alikipakata kikapu. Alijua kwamba anayekwenda mwenyewe kutoa ufafanuzi huenda asirudi. Lakini Ngwali alikuwa huko kwa kosa ambalo yeye alilifuma, na hilo hakuweza kulibeba.

Kandoro alimpokea kwa upole wake. Sikudhani aliweka kisanduku mezani, akakichomeka kwenye umeme, akamwomba afisa afungue hotuba kwenye simu yake. Taa ikawa ya kijani. Akatandika kitambaa, kimoja, viwili, vitatu, akanyanyua pembe ili afisa achungulie. Nyekundu.

Kandoro alichungulia mara moja, akachungulia tena. Rangi ya uso wake ilibadilika mbele ya macho ya Sikudhani. Aliinuka akafunga mlango kwa ufunguo, akafunga na dirisha.

"Kwangu mimi," alisema kwa sauti ya chini, "mke wangu kafunika hata birika." Alihesabu kwa vidole, akaacha. "Kaya arobaini na saba. Zote zina wake. Na wale watatu..."

"Makapera," alisema Sikudhani.

"Makapera," alisema Kandoro, akaketi.

"Basi warudishieni watu waume zao, afisa. Hakuna aliyekosa. Ni vitambaa tu."

"Mama." Kandoro alizidi kupunguza sauti. "Nishani zimetolewa. Mawaziri wanne wamefukuzwa. Watu milioni kadhaa wamesaini kwamba hawakutazama. Mlezi amelia, mama, dakika arobaini, na marudio. Nani atakwenda kumwambia kwamba alilia kwa sababu ya vitambaa? Ukweli huu hauna fomu."

"Mume wangu je?"

Afisa alivuta karatasi mbele yake. "Naweza kuandika jambo moja tu. Naweza kuandika kwamba teknolojia iboreshwe. Kisanduku kikae mahali ambapo hakiwezi kufunikwa. Sitaandika kwa nini. Wakikubali, watahitaji watu wa kukijaribia, na watu walionao ni hao walioitwa." Alivikunja vitambaa vizuri kabisa, kwa mikunjo ya mtu aliyefundishwa na mkewe, akavirudisha kikapuni. "Nenda nyumbani. Hukuja hapa. Na mimi sikuona taa."

*

Ngwali alirudi baada ya wiki tano, mchana. Sikudhani alimwona kutoka dirishani, akatupa mkasi akakimbia. Alimkumbatia njiani mbele ya watu, na alipomkumbatia kitu kigumu kilimbonyeza kifuani.

Kilikuwa kisanduku. Kidogo kuliko kile cha kwanza, kimening'inia kwenye mnyororo shingoni mwa mumewe, na mnyororo umetiwa lakiri kisogoni. Neema ilikwisha kukitangaza: Kipimo cha Kifuani, fahari mpya ya Ridhaa, kinakwenda na mkuu wa kaya popote anapokwenda, kinasikia anachokisikia. Kukivua ni uhaini. Kukilowesha ni uhaini. Ngwali alimtazama mkewe, akatikisa kichwa taratibu, akaingia ndani. Hakusema neno.

Hakusema siku ile, wala ya pili, wala wiki ile. Aliziba pancha kimya. Wateja walimsalimia naye akainua mkono. Saa ya Neema ilipofika alikaa mbele ya runinga, mgongo umenyooka, na taa ya kijani ikiwaka kifuani pake. Sikudhani alipomwambia chakula tayari, Ngwali aliiangalia kwanza taa ndipo akainuka. Watu wa sokoni hawakujua tena karakana imefunguliwa saa ngapi.

Sikudhani alimwogopa. Sitaficha hilo. Alimwomba Mungu amrudishe, na aliyerudishiwa alikuwa mtu wa kumwogopa. Aliogopa kuita kuku, aliogopa kupiga chafya, aliogopa kusali kwa sauti. Zaidi ya yote aliogopa kukumbuka kwamba ni yeye aliyepeleka vitambaa kwa Kandoro, na kwamba mnyororo ule ulitokana na maneno yake.

Ikawa alasiri ya Jumapili. Mlezi Mkuu alikuwa anafungua daraja. Sikudhani alikuwa anashona, na macho yake yakawa yanarudi kwenye kile kitu kifuani kwa mumewe, cheusi, kiko wazi. Alirudia moyoni masharti yote yaliyosomwa kwenye Neema. Kukivua, kukilowesha, kukivunja. Juu ya kukifunika hakuna aliyeandika kitu. Kandoro asingeweza kuandika, maana angeulizwa kwa nini.

Aliinuka. Alikwenda chini ya kitanda, akafungua sanduku, akarudi na kile kitambaa cha sufu. Alisimama mbele ya Ngwali, akakitandika kifuani pake kwa mikono miwili, akakinyoosha kwa kiganja.

Ngwali aliganda. Macho yalimtoka. Wote wawili walingoja. Mkoa mzima ulikuwa umekwisha kunyamaza muda huo, kaya elfu arobaini, na wote wawili walijua. Kwenye runinga watu walipiga makofi.

Midomo ya Ngwali ilisogea. Sauti haikutoka, ilikuwa imekaa sana bila kazi. Akakohoa, akajaribu tena.

"Ongeza na kile cha mama yako," alinong'ona.

Sikudhani alikileta cha mahameli, na kile cha wanga pia. Alivipanga vyote vitatu, akapiga magoti karibu na kochi, machozi yanamtoka.

"Nisamehe. Ni mimi niliyewaambia."

"Najua. Kandoro alikuja kuniona." Alimshika mkono. "Sikudhani, yule mke mdogo wa tamthilia. Alipofungua mlango, ikawaje?"

"Sijui. Sijathubutu kutazama tena."

"Basi nihadithie hivyo hivyo."

Sikudhani alitazama mlango, akatazama dirisha. Hakuwahi kutunga hadithi maishani mwake. "Alipofungua," alianza, "hakupiga kelele. Alimtazama mwenzake juu mpaka chini. Akamwambia, karibu, dada. Ingia upesi. Mwenyewe kaenda kazini, na mimi nina maswali mengi."

Kifua cha Ngwali kilianza kutikisika, na vitambaa vikatikisika juu yake. Alikuwa anacheka, kidogo kidogo, ameuma kola.

Nje gari likasikika likija. Walinyamaza wote wawili, wameshikana mikono. Lilipunguza mwendo pale kwenye tuta, likapita. Ngwali alimgusa mkewe bega, na Sikudhani akaendelea.